Unga wa Tangi Moja

Pale kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Darubini, kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, pili kwa sababu walidai anaona kasoro mahali ambapo mtu mwenye macho ya kawaida anaona unga tu. Kaka yake, msimamizi wa uzalishaji, walimbandika jina la Chapchap, ila hilo walilitaja akishageuka mgongo.

Kiwanda kilitengeneza unga wa lishe kutokana na hamira. Hamira ya kuumulia mkate huuzwa ikiwa hai; hii yao ilikuzwa kwenye mapipa marefu ya chuma, ikachujwa mpaka ikawa kama uji mzito wa rangi ya maziwa, kisha ikauawa kwa moto, ikakaushwa na kusagwa. Unga wenyewe ulikwenda hospitalini, kwenye nyumba za kutunzia wazee, na kwa yeyote aliyehitaji kurudisha nyama mwilini na tayari meno yalikuwa yamemkimbia.

Wafanyakazi wapya walipoletwa maabara, Darubini aliwaeleza jambo lile lile kwa maneno yale yale. Kuua hamira si kazi, aliwaambia, hata birika la chai linaua. Kazi ni kuiua kwa mpango. Ndani ya kila chembe ya hamira kuna protini, nazo zimekunjwa kila moja kwa mkunjo wake. Moto ukizidi zinakunjuka, zinashikana ovyo kama ute wa yai kwenye kikaango, na hakuna wa kuzikunja tena. Lakini humo humo mna asidi kiini, nyuzi zinazobeba maagizo ya uhai wa chembe. Hizo moto unazisokotoa tu, hauzimalizi. Na mtu akizila nyingi, mwili wake unazigeuza kuwa asidi nyingine, yuriki, ambayo figo zikishindwa kuitoa inajikusanya kwenye viungo kama chenga za chupa.

"Sasa dawa yake," alikuwa akisema, "imo ndani ya hamira yenyewe. Kuna kimeng'enya kimoja, nacho ni protini, kazi yake kuzikata hizo nyuzi. Huo ndio mkasi wetu. Tangi la kwanza, nyuzi joto sitini na nane, sekunde chache tu: hamira inakufa, mkasi unapona. Tangi la pili, hamsini na mbili, saa mbili nzima: mkasi unakata, vipande vinatoka na maji. Mkiwa na haraka mkapandisha moto, mtaua mkasi kabla haujagusa uzi. Mmenielewa?"

Wote waliitikia ndiyo. Walioelewa kweli walikuwa wachache, na kaka yake alikuwa mmoja wao.

Kaka huyo alimzidi miaka kumi na mmoja. Mama yao alipofariki, Darubini alikuwa na miaka minane, na baba yao, fundi viatu, alishinda kibandani kwake tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Kaka ndiye aliyempikia. Kaka ndiye aliyemsuka kwenda shule, mistari imekwenda mrama, upande mmoja uko juu ya sikio na mwingine umeshuka shingoni, na wenzake walipomcheka kaka alikwenda kuwasubiri langoni kifua mbele. Baadaye alimwombea kazi pale kiwandani, akamwambia meneja, "Mdogo wangu ana kichwa, mimi nina mikono." Mambo kama hayo mtu hayasahau, na wakati mwingine ingekuwa nafuu kama angeyasahau.

Baba sasa alikuwa amezeeka, anakaa na binti yake Darubini katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Alikuwa ametoka kuugua mapafu, amekonda mpaka suruali inashikwa na mkanda peke yake. Daktari alisema ale protini kwa wingi. Kila mwisho wa mwezi kaka alikuja na mfuko wa unga begani, akautua juu ya meza kwa kishindo, na mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu ndiye mtoto!" alisema. "Ananilisha kwa jasho lake."

Alikoroga vijiko vinne vikubwa katika uji asubuhi, vinne jioni. Katika muda wa miezi mitatu mashavu yalirudi, na alianza tena matembezi yake ya asubuhi, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akiwasalimia watu huku anawatazama miguuni kabla ya usoni, kama wafanyavyo mafundi viatu wote.

Siku moja tangi la pili lilipasuka kwenye mshono, ukavuja uji wa hamira sakafuni mpaka mlangoni. Fundi wa kuchomelea alilitazama, akavuta midomo, akasema si chini ya wiki tatu. Na wakati huo huo kulikuwa na oda kubwa ya nyumba za wazee.

Kaka aliingia maabara bila kubisha hodi.

"Tutafanya yote kwenye tangi la kwanza," alisema. "Nyuzi joto tisini na tano, dakika ishirini, moja kwa moja kwenye kikaushio."

"Kaka, huo si unga wetu. Utakuwa umeua mkasi. Asidi kiini zitabaki zote."

"Wiki tatu tu."

"Walaji ni wazee. Figo zao zimechoka."

"Nijibu kitu kimoja. Kwa nyuzi tisini na tano, hamira itakuwa imekufa au haijafa?"

"Itakuwa imekufa mara mbili. Siyo hoja."

"Fomu inauliza nini?"

Darubini aliivuta fomu mezani. Fomu waliyopeleka makao makuu pamoja na kila shehena ilikuwa na swali moja kuhusu moto: Hamira imekufa? Ndiyo au hapana. Aliyeitunga alidhani kwamba hakuna mtu atakayethubutu kuruka tangi la pili, kwa hiyo hakuliulizia.

"Basi," alisema kaka, na sauti yake ikalainika. "Mdogo wangu, ninakuomba. Nibebe wiki hizi tatu."

Alimbeba. Kila asubuhi alidondosha tone la rangi ya buluu juu ya kioo chenye hamira, akainama kwenye darubini. Chembe hai huitoa ile rangi, hubaki nyeupe. Iliyokufa hainywi wala haitemi kwa hiari yake, inajaa buluu tu. Zote zilikuwa buluu. Alitia alama kwenye "ndiyo", akatia sahihi. Hakuwa ameandika uongo hata herufi moja.

Lakini alipima pia kile ambacho hakuulizwa. Zamani unga wao ulikuwa na asidi kiini sehemu mbili katika mia. Sasa zilikuwa tisa. Alirudia kipimo mara tatu, akiomba mashine iwe mbovu. Mashine ilikuwa nzima.

Wiki tatu zilikwisha. Tangi lilichomelewa, likang'arishwa, na halikuwashwa. Chapchap alikuwa amegundua kwamba kwa tangi moja wanatoa shehena mbili kwa siku badala ya moja, na meneja alikwisha kumpa mkono wa pongezi mbele ya watu. Wafanyakazi wakaanza kuhifadhi mifuko mitupu ndani ya lile tangi la pili, mmoja akatundika koti lake kwenye mpini wa mlango wake.

Hapo Darubini aliandika barua. Aliweka tarakimu, tarehe, na sentensi moja iliyosema kwamba unga huu usipewe watu wenye umri mkubwa mpaka njia ya zamani irudishwe. Utaratibu ulitaka barua za maabara zipitie kwa msimamizi. Alimpelekea. Kaka aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Nitalishughulikia," alisema.

"Lini?"

"Wewe dada, una haraka kuliko mimi siku hizi?" Akacheka. Darubini naye akacheka, shingo upande, akarudi kwenye kioo chake.

Angeweza kuruka kichwa cha kaka yake na kupiga simu makao makuu. Namba ilikuwa ukutani, juu ya sinki. Aliitazama kila alipoosha mikono.

Na nyumbani je? Nyumbani kulikuwa na mfuko juu ya meza na mzee anayekoroga. Jioni ya kwanza baada ya kile kipimo Darubini alimwambia, "Baba, punguza kidogo, viwili vinatosha." Mzee akamtazama kwa mshangao. "Kwani umeadimika? Kaka yako ameleta mwingine jana." Angemjibu nini? Kwamba kaka ndiye anayemdhuru? Alijiambia kwamba vijiko vinne si kitu, kwamba baba ametembea leo mpaka mwisho wa mtaa, kwamba wiki ijayo tangi la pili litawashwa. Mara mbili alimwaga nusu ya mfuko asubuhi mzee akiwa nje. Mara ya pili mzee alimpigia simu mwanawe kwamba unga umekwisha mapema, na mwanawe, mtoto mwema, alileta mifuko miwili.

Ulikuwa mwezi wa tano wa tangi moja pale mzee alipoita kutoka chumbani asubuhi.

"Mama, hebu njoo uone kitu."

Mguu wake wa kulia ulikuwa nje ya shuka. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, chekundu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Darubini aliposogeza shuka, ncha tu ya kitambaa ikagusa ngozi, na mzee, mtu aliyewahi kujichoma msumari wa kiatu kiganjani akaendelea na kazi, alipiga ukelele.

Hospitalini walimtoa damu. Daktari alikuwa kijana wa haraka haraka lakini makini.

"Mzee, hili ni jongo. Asidi yuriki imepanda sana, na figo nazo hazifurahishi. Unakula nyama kwa wingi?"

"Nyama naiona kwa jirani."

"Pombe?"

"Sijawahi."

"Basi kuna kitu unakula."

"Ninakula vya kawaida, daktari. Na unga wa mwanangu. Anautengeneza kiwandani, wa hamira."

Daktari aliinua kichwa. "Hamira kiasi gani?"

"Vijiko vinane kwa siku. Unanirudisha ujana."

"Uache leo. Unga mzuri wa aina hiyo huwa umepunguzwa asidi kiini, lakini mimi sijui huo wenu umepikwaje." Akaandika dawa. "Ungekuwa na mtu wa kuuliza hapo kiwandani, ningemuuliza."

Mzee akamgeukia binti yake, kwa fahari kabisa. "Huyu hapa. Ndiye anayeupima."

Daktari akamtazama. Darubini akafungua mdomo, ikatoka sauti ndogo: "Nitafuatilia."

Walitoka mpaka kwenye benchi la korido kusubiri dawa. Mzee alikuwa amenyoosha mguu, kiatu kakishika mkononi. Watu walipita wakiukwepa ule mguu. Mzee akauliza, bila kumtazama:

"Ulijua?"

Hakuwa na nguvu ya kudanganya, wala hamu. "Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa njia akaona amekwisha kuipita. Dirisha la dawa likaita namba yao.

Jioni hiyo kaka alifika na mkewe, wifi yake Darubini, mwanamke mpole aliyeleta matunda na kukaa pembeni akiyamenya. Darubini hakusubiri hata watulie.

"Kesho ninapiga simu makao makuu, Kaka. Nina nakala ya ile barua."

"Barua gani?" aliuliza mzee.

Aliileta. Mzee akavaa miwani, akaisoma yote, kidole chake kikifuata mistari. Kaka alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, viwiko magotini.

"Baba," alisema, "mimi sikusoma kemia. Yeye alikuja na maneno yake ya nyuzi na mikasi. Nilimuuliza swali moja: hamira imekufa? Akasema imekufa. Kila siku akatia sahihi. Ningejua ina madhara, ningekuletea wewe? Wewe, Baba?"

"Ulielewa," alisema Darubini. "Ulielewa kuliko wote pale. Nilikwambia figo za wazee, kwa mdomo wangu."

"Uliniambia kama unavyoniambia kila kitu. Sakafu ina unyevu, glavu ni pungufu, dirisha halifungi. Nitajua lipi ndilo linaloua?"

Na hilo, ubaya wake, lilikuwa na chembe ya ukweli. Darubini akamgeukia baba yake.

"Baba, umeisoma barua. Niliandika."

Mzee alivua miwani. "Nimeisoma. Imeandikwa vizuri. Lakini umemwandikia kaka yako." Akaikunja, akamrudishia. "Mimi na wewe tunagawana ukuta mmoja. Ninakohoa, unasikia. Kila asubuhi nakoroga uji, wewe umekaa hapo mbele yangu, unanywa chai. Mimi uliniandikia nini?"

"Niliona utamchukia Kaka."

"Kwa hiyo ukaniacha nile."

Wifi aliacha kumenya. Hakuna aliyegusa yale matunda.

Asubuhi iliyofuata Darubini alifika kazini saa moja na nusu ili apige simu kabla ya kelele za mashine. Alikuta gari la makao makuu limeegeshwa langoni. Chapchap, kama jina lake, alikuwa amewahi. Alikuwa amewapigia usiku ule ule, akawaambia kwamba amegundua kasoro katika vipimo vya maabara, kwamba baba yake mzazi ameathirika, na kwamba yeye mwenyewe ameamuru tangi la pili liwashwe mara moja. Mifuko mitupu ilikuwa imekwisha kutolewa. Hata lile koti halikuwepo.

Wakaguzi walikuwa wawili, wenye adabu. Walimwekea fomu mezani, moja juu ya nyingine, mia mbili na kitu, kila moja ina sahihi yake.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Ulipoona asidi kiini zimefika tisa, ulisimamisha shehena?"

"Niliandika barua. Hii hapa."

Waliisoma. "Ilipokelewa na nani? Hatuoni muhuri wa kupokelewa."

"Nilimpa msimamizi mkononi."

"Msimamizi anasema hakupokea barua."

"Msimamizi ni kaka yangu."

Wakaangaliana. Aliona waziwazi kwamba neno hilo, ambalo yeye alidhani linaeleza kila kitu, wao walilisikia kama kosa la pili.

Alisimamishwa, na mwezi ulipokwisha barua ya kufukuzwa ikaja. Wafanyakazi walikuwa na mzaha wao wa siku zote, kwamba mtu akifukuzwa kiwanda cha unga ndiye kweli amemwaga unga. Siku hiyo hakuna aliyeusema. Waliinama kwenye kazi zao mpaka akapita. Unga wa tangi moja ulirudishwa kutoka nyumba za wazee, kwa barua fupi iliyotaja "tatizo la upimaji". Ni wazee wangapi walioegemeza miguu kwenye mito kwa miezi ile, hakuna aliyewahesabu. Darubini aliandika kuuliza mara mbili, hakujibiwa. Chapchap aliongezewa cheo mwanzoni mwa mwaka.

Mzee alihamia kwa mwanawe wiki ile ile ya kusimamishwa. Hakutoa lawama. Alisema tu kwamba kule hakuna ngazi, na mguu hautaki ngazi. Nyumba ya Darubini ilikuwa na vidaraja viwili tu vya kupandia mlangoni. Kaka alikuja kuchukua kitanda. Walikibeba wote wawili, yeye upande wa kichwa, Darubini upande wa miguu, wakaelekezana kwa maneno mafupi mlangoni: "Inamisha. Kulia. Basi." Walipokwisha kukipakia, kaka alisimama akijipangusa mikono.

"Nina watoto watatu," alisema. "Wewe uko peke yako. Utapata kazi nyingine, kichwa unacho."

Alitamani ampige. Alitamani pia, na hilo lilimchoma zaidi, amwambie pole.

Kazi aliipata baada ya miezi saba, kwenye mitambo ya kusafisha maji, kupima klorini. Jumapili huenda kumwona baba. Wifi humkaribisha vizuri, kaka husema "Karibu, dada," akaongeza sauti ya redio. Mzee hukaa barazani, mguu juu ya kigoda. Huzungumza juu ya mvua, juu ya majirani wapya, juu ya mjukuu anayekataa kula. Jongo humrudia mara kwa mara, na linapomrudia humwachia binti yake ambadilishie kitambaa cha maji baridi, kwa upole kabisa, kama anavyomwachia muuguzi.

Jumapili moja alipiga moyo konde.

"Baba, rudi nyumbani. Fundi ameondoa vile vidaraja, ameweka mteremko. Chumba chako kiko kama ulivyokiacha."

Mzee alitazama mtaani. Alimfuata mpita njia mmoja kwa macho, viatu kwanza, na Darubini akaanza kutumaini.

"Chumba kikikaa bure kinaingia unyevu," alisema mwishowe. "Mpangishe mtu."

Mwezi uliofuata akampangisha mwalimu mmoja wa hesabu, mwanamke mtaratibu asiye na wageni wala kelele. Wanasalimiana asubuhi, wanasalimiana jioni. Siku nyingine mwalimu hupika na kubisha mlango na sahani, na Darubini humshukuru, akasema ameshakula.